Refa Aliyeangalia Kando

Nekesa mwanangu,

Umeenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na baba yako ameingia zamu yake kule hotelini West Bay, kwa hiyo nyumba imebaki yangu na sanduku lako. Nimelifungua, nimelifunga, nimelipima kwa ile mizani ya kuning'iniza, halafu nikalifungua tena, kana kwamba kilo zitapungua zikijua ninaziangalia. Chai ya karak niliyojitengenezea imepoa, nikaipasha, ikapoa tena. Siwezi kutulia. Na mtu asiyeweza kutulia afadhali ashike kalamu kuliko kuendelea kukunja nguo zilizokwisha kukunjwa.

Sitakuandikia habari za sweta. Eldoret kuna baridi, si kama hapa Doha, hilo utaliona ukishuka, na shangazi yako Nasimiyu ana mdomo wa kutosha kukukumbusha kula, kulala na kusali. Mimi nataka tuzungumze juu ya kile kikao cha ligi cha Jumanne. Tangu tutoke pale tumekuwa tukiongea kama wapangaji wawili wanaogawana choo. "Umechaji simu?" "Ndiyo." "Pasipoti iko wapi?" "Kwa mkoba." Kesho asubuhi unapanda ndege, na mimi sitaki tuachane tukiwa wapangaji.

Nianze na ile fainali ya kikapu ya wasichana, maana kikao kizima kilitoka hapo, hata kama kila mtu alikuwa na adabu ya kutotaja. Ulikuwa umekaa viti vya juu na wenzako, ukaona kwa macho yako. Lakini hujui nilichokiona mimi nikiwa chini.

Shule yenu ilikuwa imeshatolewa, ndiyo sababu niliruhusiwa kuchezesha. Mzazi hachezeshi mechi ya mtoto wake, na hiyo ni kanuni ninayoipenda. Refa mwenzangu alikuwa Okello. Unamjua vizuri, yule Mganda anayelinda jengo la ofisi, ambaye huja uwanjani moja kwa moja kutoka kazini, viatu vya raba vikiwa kwenye mfuko wa plastiki. Wekundu walikuwa mbele kwa pointi moja na saa ilikuwa inakwisha. Mpira ukagombaniwa chini ya kikapu, mikono mingi, ukatoka nje karibu na miguu yangu. Nikapiga filimbi, nikanyoosha mkono: mpira wa wekundu. Yule mtoto wa buluu, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa ukanda nyuma ya kichwa, akanitazama akasema, "Miss, si mimi niliyegusa." Basi. Hakupiga kelele wala hakurusha mikono.

Sasa nikueleze jambo ambalo watu wa viti vya juu hawalioni. Kabla mpira haujarudishwa ndani, marefa wawili hutazamana. Ni kitu cha kwanza unachofundishwa ukishapewa filimbi. Hutoi mpira mpaka uyapate macho ya mwenzako: mimi tayari, wewe tayari, kuna neno? Ni kitambo kidogo tu. Siku ile nilijua kwamba Okello alikuwa upande ulio wazi na ameona mkono uliogusa mwisho. Na kwa kanuni za ligi yetu, refa haingilii uamuzi wa mwenzake mpaka aitwe. Kwa hiyo alisimama pale, akinisubiri nimtazame tu, nimwite kwa jicho.

Nikaangalia kando. Nikatazama meza ya waandishi, nikatazama saa ya ukutani, nikampa msichana wa wekundu mpira. Mchezo ukaisha, wekundu wakarukiana, na yule mtoto wa miwani akakaa chini palepale kwenye sakafu.

Okello aliniambia nje, tukisubiri usafiri kwenye lile joto. "Sista, mimi nilikuwa nakungoja."

"Si ungesema?"

"Ningesemaje, nyabo? Macho yako ulikuwa umeyatia mfukoni."

Kukosea kuona sijali sana, Nekesa. Kila anayechezesha atakosea, na asiyekosea hajawahi kushika filimbi. Lakini kuangalia kando si kukosea kuona. Nilichagua. Nilichagua kutokujua, ili nisilazimike kurudi nyuma mbele ya watu.

Unaijua hii tabia yangu. Umeishi nayo tangu uzaliwe, lakini sidhani nimewahi kukueleza ilikotoka. Kule shuleni Bungoma nilikuwa mfupi mno kucheza na mwenye mdomo wa kutosha kuchezesha, basi Mwalimu Barasa akanipa filimbi. Siku moja nikawekwa kwenye mechi ya wavulana, uwanja wa murramu, vumbi mpaka kwenye meno. Nikapiga faulo. Wavulana wakanizunguka, nikaogopa, nikaifuta. Wale wa upande wa pili nao wakanizunguka, nikaogopa tena, nikairudisha. Mechi ilimalizikia kwenye magunzi ya mahindi yakiruka juu ya kichwa changu. Mwalimu Barasa alinitoa pale kwa mkono na akaniambia, "Msichana akirudi nyuma hatua moja, watamburuta mpaka getini." Nilikuwa na umri kama wako. Niliyameza maneno yale bila maji.

Na yalinifaa, nisiseme uongo. Nilipoanza kuchezesha hapa Doha, kocha mmoja aliniona nimeingia uwanjani akaniuliza kwa upole kama nimekuja kupangusa sakafu. Mwanamke, mweusi, kimo cha mtoto wa darasa la saba. Kama ningetetereka siku ile ya kwanza, nisingeitwa siku ya pili. Nilipiga filimbi zangu na kila moja ilisimama kama nguzo, hata zile zilizopinda. Baada ya muda makocha wakaanza kusema, "Huyo usibishane naye, hageuki." Mimi nilidhani wananisifu.

Shida ni kwamba nilirudi nayo nyumbani. Unakumbuka safari ya jangwani ya darasa lenu, ulipokuwa na miaka kumi? Kitambulisho chako kilikuwa kimepotea, nikasema mtoto asiyetunza kitu cha serikali haendi kulala kwenye hema. Ulilia mpaka ukapata kwikwi. Asubuhi nikatafuta funguo kwenye mkoba wangu, mbele yako na mbele ya baba yako, nikatoa kitambulisho. Nilikuwa nimekiweka mimi mwenyewe tulipotoka kliniki. Basi la shule lilikuwa bado halijapita. Baba yako akaniangalia, wewe ukaniangalia, tayari umeshashika begi lako. Nami nikasema, "Nimeshasema ni nimeshasema." Tukakaa sote watatu tukanywa chai, basi likapita. Ile chai sijui ilikuwa na sukari au haikuwa nayo.

Hukuwahi kunitajia siku hiyo. Ningependa ungenitajia. Ungenipigia kelele kidogo, ningekukemea, yangeisha. Wewe hunyamaza, na ukimya wako hunizungukia nyumbani kama mbu, siuoni na siwezi kulala.

Ndipo ikaja Jumanne. Unajua mwenyewe nilivyoingia pale, nimevaa blauzi yangu ya kanisani kama naenda kuolewa. Pendekezo lilikuwa dogo, sikatai. Kwenye dakika mbili za mwisho, nahodha apewe nafasi moja ya kuwaomba marefa wasogeleane kabla mpira haujarudi ndani. Hakuna video, maana shule zetu kamera zinatoka wapi. Hakuna kubishana. Marefa wawili wakutane, waulizane walichoona, wakubali au wabadilishe, mchezo uendelee. Bwana Fadi, mwenyekiti, alilisoma polepole huku akinikwepa, na hapo nikajua kila mtu mezani anamfikiria yule mtoto wa miwani.

Walibishana vizuri, lazima niseme. Mmoja akasema makocha wajanja wataitumia kupumzisha wachezaji waliochoka. Mwingine akasema ukumbi hukodiwa kwa saa na mlinzi huzima taa hata kama mpira uko hewani. Kocha wa wale mabuluu alikuwa anakunja karatasi. Mimi nikasimama. Nikasema mtoto akishajua kwamba filimbi inabembelezwa, hataacha kuibembeleza, na kesho ataenda kumbembeleza polisi, mwajiri na mume. Watu wakacheka. Nilifurahi walipocheka. Nikakaa nikijua nimeshinda.

Halafu Fadi akasema tumsikilize aliyekuwa nahodha wa timu ya shule yenu, anaondoka wiki hii, apewe neno la kuaga. Nikakuona unasimama kule nyuma. Sikujua hata kama umealikwa. Hukuniambia, na sikuulizi kwa nini.

Ulisema kwa Kiingereza chako cha shule, mimi nayaandika hapa kwa lugha yetu kama nilivyoyasikia. Ulisema, "Hatuombi refa asikosee. Akikosea sisi tunajua, na mara nyingi yeye pia anajua, tunamwona usoni. Tunaomba aruhusiwe kurudi."  Nikadhani umemaliza. Ukasema, "Mama yangu ni muuguzi. Hamdungi mgonjwa insulini mpaka mwenzake aangalie kipimo kwenye sindano. Kila siku, miaka yote hii. Hakuna mgonjwa aliyewahi kumdharau kwa sababu aliuliza."

Mwanangu, uso wangu uliwaka moto. Nilitaka sakafu ipasuke, au wewe upaliwe, chochote. Hukusema kwa ukali. Ungesema kwa ukali ningekuwa na la kushika. Ulisema kama mtu anayerudisha kitu alichookota barabarani.

Wakapiga kura, zikalingana. Fadi akanigeukia akasema kwa mujibu wa taratibu neno la marefa ndilo litaamua, na mimi ndiye msemaji wa marefa. Chumba kizima kikanitazama. Wewe ukanitazama. Nami, Nekesa, nikatazama dirishani, pale kwenye maegesho, palipokuwa na gari jeupe lisilokuwa na habari na mtu. Nikasema, "Hapana." Fadi akagonga meza. "Khalas, tumefunga. Msimu ujao, inshallah."

Kwenye metro viti vilikuwa wazi na wewe ulisimama, umeshika nguzo, umevaa vipokea sauti masikioni ambavyo najua havikuwa vinacheza kitu.

Na tulipofika nyumbani nikafanya lile la viatu. Sanduku lilikuwa wazi sebuleni, viatu vyako vya mpira wa kikapu vimelala juu ya nguo, vile vyekundu ulivyovisugua soli kwa mswaki. Nikasema, "Hivyo vitoke. Kilo zimezidi. Na wewe unakwenda kusoma, huendi kurukaruka. Ukimaliza mwaka wa kwanza tutaona."  Ukasema, "Sawa, Ma. Hakuna noma." Ukavitoa, ukavipanga kando ya mlango, vidole vikitazama ukutani, ukaenda kuoga.

Baba yako alikuwa jikoni na kipande cha mkate mdomoni. Akasema, "Mama Nekesa, hiyo ni faulo, na hata mimi nisiyejua mpira nimeiona." Nikamwambia ale mkate wake.

Hazikuwa kilo. Nataka ulisikie hilo kutoka kwangu, ingawa najua ulishalijua ukiwa bado umesimama pale. Wala hayakuwa masomo. Wewe umecheza na kufaulu mitihani miaka yote. Ulikuwa umeniumiza mbele ya watu, nami nikatafuta mahali pa kukuumiza, nikapaona. Halafu nikavika kisasi changu nguo za ushauri wa mama. Ukiwa mzazi utaona jinsi nguo hizo zinavyokaa vizuri karibu kwenye kila kitu. Uwe unazichungulia ndani kabla ya kuamini.

Tangu siku hiyo viatu vimekaa mlangoni, na mimi navipita nikitoka, navipita nikiingia. Nimevisogeza kwa mguu, nikavirudisha. Nimewaza kuviweka kabatini nisivione, nikaona hapo ndipo nitakuwa nimeangalia kando kwa mara ya tatu.

Jana wodini alikuwepo mzee wangu mmoja wa sukari, yule anayeniita "doktora" hata nikimkataza. Nikavuta insulini yake, nikainua sindano juu kwenye mwanga, nikamwita mwenzangu kama siku zote. Akaja, akasoma, akasema sawa, akaenda zake. Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga mwayo. Nikabaki nimesimama na ile sindano mkononi. Mzee akauliza, "Doktora, kuna tatizo?" Nikamwambia hakuna, nilikuwa nasikiliza mtu. Hakunidharau. Hakuna aliyenidharau. Nimefanya hivyo mikono yangu ikiwa imezoea, na kumbe kichwa changu hakikuwahi kuitazama mikono.

Baada ya kazi nikamtafuta Okello kwa simu. Nikamuuliza bila salamu, "Siku ile, ulikuwa wa nani?"

Akajua ninasema nini. "Wa buluu, sista. Waziwazi."

"Na ungenieleza ningebadilisha?"

Akacheka, unajua anavyocheka. "Sasa hilo mimi nitalijuaje? Hukuniuliza."

Jioni hii, wewe ulipotoka, nikamwandikia Bwana Fadi. Nikamwambia nataka kubadilisha neno langu la Jumanne, pendekezo lipite, niko tayari kusema mbele ya wote. Nilijiona shujaa, nikaweka maji ya chai. Akajibu haraka: "Sista, nashukuru sana, lakini kikao kimefungwa na taarifa imekwenda kwa shule zote. Hatuna kanuni ya kurudi nyuma."

Nilicheka peke yangu jikoni mpaka maji yakachemka yakamwagika. Halafu nikalia kidogo, si sana. Hatuna kanuni ya kurudi nyuma, kwa sababu mimi ndiye niliyeizuia. Kwa hiyo msimu mzima ujao kuna watoto watakaosema "Miss, si mimi" na hakuna atakayeruhusiwa kuwasikia, na mmoja wao hakika atasema hivyo mbele yangu. Kanuni siwezi kuibadilisha mpaka mwakani. Lakini kumtazama Okello hakuhitaji kanuni. Nimemwambia: kuanzia mechi ya kwanza, ukiona kitu nisichokiona, nitakuwa nakutazama. Akasema, "Haya, tutaona," kwa sauti ya mtu asiyeweka dau.

Nimekuwa nikijiuliza nikupe nini cha kubeba ambacho hakina kilo. Mama wengine wana methali. Mimi nina hili tu: watu watakuambia, hasa ukiwa msichana, hasa ukiwa mgeni, kwamba usimame imara. Simama. Kuna siku utahitaji kila inchi ya hiyo nguzo. Ila chunga isifike mahali unasimama imara kwa sababu unaogopa kutazama. Mimi ilinichukua miaka mingi kujua tofauti yake, na sijaijua vizuri bado. Jumanne niliijua na bado nikatazama gari jeupe. Na usingoje watu wakubwa wakuombe neno ndipo useme. Ulisubiri mpaka wiki ya kuondoka ukaniambia mbele ya chumba kizima kile ambacho ungeniambia mezani. Nafahamu kwa nini. Mezani petu palikuwa hapana ombi la nahodha.

Sasa sikiliza. Nimefungua sanduku kwa mara ya mwisho, naapa. Nimetoa lile blanketi zito la shangazi yako, lile la maua makubwa ambalo kila Mkenya wa hapa lazima apeleke nyumbani kana kwamba Kenya hakuna mablanketi. Viatu vyako nimevifuta, nimevitia soksi ndani visipondeke, nimeviweka juu kabisa, chini ya kifuniko. Kilo ziko sawa. Shangazi Nasimiyu atauliza blanketi lake liko wapi, na atauliza kwa sauti. Mwambie refa amebadilisha uamuzi. Akitaka kubishana, anipigie mimi.

Cheza ukitaka. Usipotaka, vigawe. Ni vyako.

Neno moja la kesho, halafu naacha. Pale uwanja wa ndege kuna ule mlango ambao sisi wasindikizaji hatupiti. Wewe una tabia ya kuondoka bila kugeuka, na usiniulize umeitoa wapi. Siku ya kwanza ya shule uliingia hivyo, nami nikaondoka hivyohivyo, tukajisifu wote wawili kwamba hatukulia. Kesho nakuomba ugeuke. Baba yako atakuwa anapunga mkono kama mtu anayeelekeza magari, usimjali. Nitafute mimi. Mimi ni mfupi, itabidi utafute.

Usipite mpaka uyapate macho yangu. Sitatazama saa, wala sakafu, wala watu. Na kama kuna neno ambalo hujaniambia, hata kama basi limeshapita, simama palepale. Nitakuja mpaka pale wanaponizuia.

Nasikia lifti. Hizo ni hatua zako, nazijua. Unavua viatu mlangoni, na sasa utaona kwamba pale palipokuwa na vile vyekundu hapana kitu.

Mama yako